Duka la Mbegu Lililojijengea Redio: Kisa cha KFNF, Shenandoah

Februari 1924, katika mji mdogo wa Shenandoah, kusini-magharibi mwa jimbo la Iowa nchini Marekani, muuza mbegu mmoja alianza kurusha matangazo ya redio kutoka kwenye jengo la kampuni yake. Mji ulikuwa na wakazi wapatao 5,000. Kilichouzunguka ni mashamba ya mahindi, mifugo na vitalu vya miche. Wakati huo redio ilikuwa jambo la miji mikubwa na la makampuni ya umeme na simu: KDKA ya Pittsburgh, iliyoanza Novemba 1920, ilikuwa mali ya Westinghouse, na WEAF ya New York ilikuwa ya AT&T. Henry Field hakuwa na kiwanda cha redio, wala gazeti, wala chuo. Alikuwa na mbegu za kuuza.

Mwaka mmoja na nusu baadaye, Agosti 1925, mshindani wake Earl May naye alifungua kituo chake, KMA, katika mji huohuo. Mji ambao mtu angeumaliza kwa mguu kabla jua halijawa kali ukawa na vituo viwili, vyote mali ya wauza mbegu, na vyote vikisikika mbali nje ya Iowa.

Kisa hiki husimuliwa zaidi kama kichekesho cha enzi ile, enzi ya watu waliopanda majukwaani na fidla huku wakitaja bei za viatu. Mimi nakichukua kwa uzito wote. Pale Shenandoah ndipo swali moja gumu la redio lilipojibiwa kwa vitendo: je, msikilizaji anaweza kumwamini mtu anayempa habari, nyimbo na ibada, ilhali mtu huyohuyo anamuuzia matairi? Kwa miaka kadhaa jibu lilikuwa ndiyo. Ukizitazama kwa karibu sababu za jibu hilo, utaona pia kwa nini kituo kilikuja kuyumba.

Mbegu hainunuliwi kwa macho

Henry Field alizaliwa mwaka 1871 katika mashamba ya jirani na Shenandoah, na tangu utotoni alikuwa akiuza mbegu. Alipofungua redio alikuwa na miaka 52, mtu mzima aliyekwisha kuijua biashara yake ndani na nje. Ilikuwa biashara ya kuagiza kwa posta: mkulima anapokea katalogi wakati wa baridi, anaisoma jioni kando ya jiko, anaandika anachotaka, anatia pesa kwenye bahasha, kisha anangoja kifurushi.

Biashara ya namna hiyo isingewezekana vijijini miaka 30 kabla yake. Posta ya Marekani ilianza kupeleka barua bure hadi kwenye barabara za mashambani mwaka 1896, na vifurushi vya kawaida vikaanza kubebwa na posta Januari 1913. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyomfikisha muuza mbegu mlangoni kwa mkulima. Redio ilikuja juu ya msingi ambao posta ilikwisha kuujenga, na nadhani hapa ndipo wasimulizi wengi wanapoteleza: wanautazama mnara na kulisahau sanduku la barua.

Kuna jambo jingine ambalo mtu asiyelima anaweza kulipita. Mbegu hainunuliwi kwa macho. Ukishika kiganjani punje ya kabichi huwezi kujua kama itaota, wala kama ni ya aina iliyoandikwa kwenye pakiti. Utajua baada ya wiki kadhaa, na wakati huo pesa imekwenda na huenda msimu nao umekwenda. Mnunuzi wa kitambaa hukipapasa, mnunuzi wa ng'ombe humfungua mdomo akaangalia meno. Mnunuzi wa mbegu hununua neno la muuzaji. Ndiyo maana Field alizoea kuandika katalogi zake kana kwamba anazungumza na jirani juu ya ua, akiwaambia wateja kipi alikipanda mwenyewe na kipi hakikumpendeza. Alikuwa pia na jarida lake dogo, Seed Sense, lenye sauti hiyohiyo. Kabla hajagusa maikrofoni alikuwa tayari mtangazaji wa maandishi.

Mwaka 1923 Field na wafanyakazi wake walikwenda Omaha, jimbo la Nebraska, mwendo wa kilomita mia hivi, wakapewa nafasi kwenye WOAW, kituo cha chama cha bima cha Woodmen of the World. Waliimba, wakapiga vyombo, yeye akazungumza kwa lafudhi yake ya shambani. Barua zikamiminika. Kwa mtu aliyeishi kwa kuhesabu barua, hapakuwa na kipimo kingine cha kungojea. Akarudi nyumbani na kuanza kutafuta mtambo wake.

Herufi nne na usiku mtulivu

Herufi KFNF zilitoka serikalini kwa zamu tu, kama namba za gari. Field alizichukua akazitungia msemo wa Kiingereza wenye maana ya "endelea na urafiki, usikunje uso kamwe", na msemo ukabaki na kituo. Mtambo ulikuwa wa wati 500. Kwa vipimo vya leo hiyo ni nguvu ndogo mno, lakini mambo mawili yaliibeba.

La kwanza ni ardhi. Mawimbi ya kati, aina ya mawimbi ya redio yaliyotumiwa na vituo hivi, husafiri mchana kwa kuambaa na uso wa dunia, na udongo wenye unyevu na madini huyapitisha vizuri kuliko mwamba au mchanga mkavu. Udongo mweusi wa nyanda za Iowa, Nebraska na Dakota ni miongoni mwa udongo bora Marekani nzima kwa kazi hiyo. Udongo uleule uliostawisha mahindi ya wateja wa Field ndio uliobeba sauti yake hadi kwao. La pili ni utupu wa anga: mwaka 1924 vituo vilikuwa vichache, na usiku, mawimbi yalipogonga tabaka za juu za anga na kurudi chini, mtu aliyekuwa mbali sana aliweza kumnasa Field bila mwingine kumfunika.

Upande wa pili wa mawimbi hayo kulikuwa na nyumba isiyo na umeme. Hata mwaka 1930, katika kila mashamba kumi ya Marekani, ni kama moja tu lililokuwa na umeme wa laini. Redio ya shambani ilikula betri: moja nzito ya asidi, sawa na ya gari, ya kupasha moto valvu, zile taa za kioo zilizokuza sauti, na nyingine kavu za volti 45 zilizounganishwa kwa waya. Betri ya asidi ilipoisha ilibebwa mjini kuchajiwa, au baba alichomoa ya gari kwa jioni moja na kuirudisha asubuhi. Penye hedifoni moja tu, watu waliitumbukiza kwenye bakuli la bati ili bakuli ipaze sauti kidogo, wakainamisha vichwa kuizunguka. Na penye laini ya simu ya pamoja, ile ambayo nyumba kadhaa hutumia waya mmoja, mwenye redio aliweza kuweka mkono wa simu mbele ya spika ili majirani wasikilize kutoka majumbani mwao.

Nimeieleza picha hii kwa kirefu kwa sababu inabadilisha maana ya kila kilichosemwa hewani. Mtu aliyebeba betri kilomita nane ili asikie, hasikilizi huku akifanya mengine. Na anapomsikia mtu mwenye lafudhi kama yake akieleza wakati wa kupanda viazi, hamsikii kama mgeni wa mjini aliyejikaribisha.

Field aliijua picha hiyo na akapanga vipindi kuifuata. Muziki ulikuwa wa zamani: fidla, banjo, kwaya, nyimbo za kanisani. Jazi, iliyokuwa imeshika miji, hakuitaka kituoni. Wapigaji wengi walikuwa wafanyakazi wa kampuni yenyewe au watu wa mji na vijiji vya karibu, na mtu aliyefunga pakiti za mbegu asubuhi angeweza kuimba jioni. Kulikuwa na ibada, hali ya hewa, bei za mifugo na nafaka, na maelezo ya bustani. Na kulikuwa na Field mwenyewe, akizungumza bila karatasi, akisoma barua, akijibu maswali, kisha akitaja alichonacho ghalani.

Bei hewani

Hapa tunafika kwenye kiini cha kisa.

Mwaka 1922, katika mkutano wa kwanza wa kitaifa wa redio, Waziri wa Biashara Herbert Hoover, yeye mwenyewe mzaliwa wa Iowa, alisema haiwaziki kuacha chombo chenye uwezo mkubwa hivyo kizamishwe kwenye porojo za matangazo ya biashara. Agosti mwaka huohuo WEAF ikauza kwa mara ya kwanza muda wa hewani kwa kampuni ya nyumba. Lakini hata huko New York adabu ilitakiwa. Kampuni kubwa zilitaja jina la bidhaa mwanzoni na mwishoni mwa muziki na kuridhika. Kutaja bei kulionekana ushamba na utovu wa heshima, sawa na mgeni wa chakula cha jioni anayetoa mizani mezani.

Field alitaja bei, na hakuishia kwenye mbegu. Alipoona kwamba msikilizaji aliyemwamini kwa vitunguu angemwamini pia kwa mengine, aliongeza matairi ya magari, ovaroli, viatu, kahawa, plamu zilizokaushwa, rangi za nyumba. Anataja kitu, anaeleza amekipataje, anataja bei pamoja na gharama ya posta, anasema andika barua. Redio ikawa katalogi inayobadilika kila siku. Katalogi ya karatasi ilichapishwa mara moja na bei zake zikafungwa kwa msimu mzima. Hewani, shehena iliyoingia jana ilitangazwa leo.

Kulikuwa na faida nyingine ambayo naona haithaminiwi vya kutosha. Kituo kinachouza muda kwa makampuni mengine hakikujua, mwaka 1925, nani anasikiliza. Kilitegemea kadi za pongezi ambazo wasikilizaji walituma. Field alikuwa na kitu bora: kila oda ilikuja na jina, kijiji, na pesa. Anazungumza saa sita mchana kuhusu plamu, na baada ya siku tatu barua zinamwonyesha, wilaya kwa wilaya, sauti imefika wapi na imegusa nani. Muda mrefu kabla ya makampuni ya kupima wasikilizaji kuanza kazi yao, muuza mbegu wa Shenandoah alikuwa akipima ya kwake kwa gunia la posta.

Na wakati wenyewe ulimsaidia. Bei za mazao zilianguka vibaya mwaka 1920 na 1921, baada ya vita, na wakulima wa Iowa waliokuwa wamekopa kununua ardhi walibaki na madeni. Kwa familia kama hiyo, mtu anayetangaza jozi ya viatu kwa bei nafuu alileta habari yenye maana nyumbani. Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini katika nyika ambayo duka la karibu lilikuwa moja na bei zake zilikuwa zilezile, hata kizuri kilihitaji mtu wa kukitaja.

Waliolia ni wenye maduka ya miji midogo, na malalamiko yao yalifika hadi Washington. Siwezi kuyapuuza. Mwenye duka la kijijini ndiye aliyemkopesha mkulima unga na mafuta ya taa mwaka mzima hadi mahindi yauzwe. Mkulima alipopata fedha taslimu, zikatiwa kwenye bahasha kwenda Shenandoah, na deni likabaki kwenye daftari la duka. Tena mwenye duka hakuwa na mnara wa kujibia. Leseni ya redio ni ruhusa ya kutumia kitu ambacho wote wanamiliki kwa pamoja, na Field aliitumia kushindana na watu ambao hawakuwa na ruhusa hiyo. Kwa upande huo walikuwa na haki, hata kama bei zao zilikuwa za juu.

Upande wa dada zake

Kama KFNF ingekuwa ya matairi na plamu tu, sidhani kama kungekuwa na mengi ya kuandika. Kilichoipa uzito ni ukoo wa Field, hasa wanawake wake. Dada mmoja, Jessie Field Shambaugh, alikuwa mwalimu na msimamizi wa shule za wilaya, na vilabu vyake vya watoto wa wakulima vinahesabiwa kati ya mizizi ya 4-H, vuguvugu la vilabu vya vijana wa mashambani Marekani. Mwingine, Helen Field Fischer, alikuwa bingwa wa maua na bustani, na ndiye aliyeanzisha kipindi cha akina mama KFNF. Mwaka 1926 Helen alimwachia kipindi hicho dada yao Leanna Driftmier.

Leanna alikuwa mama wa watoto saba. Hakuwa na mafunzo ya utangazaji, na kusema kweli hakuna aliyekuwa nayo wakati ule. Alizungumza juu ya alichopika, mtoto aliyeumwa, pazia aliloshona, barua aliyoipata. Mapishi aliyasema polepole, kwa mwendo wa penseli. Jaribu kuwaza: jikoni, mwanamke amekaa na kipande cha karatasi, anaandika "vikombe viwili vya unga", sauti inarudia "vikombe viwili", inangoja, kisha inaendelea na mayai. Ukimya ule mfupi kati ya kiungo na kiungo ulikuwa heshima kubwa kwa msikilizaji. Mtangazaji anayejionyesha angeujaza kwa maneno.

Mwaka 1930 aliumia mgongo katika ajali ya gari, na baadaye akatumia kiti cha magurudumu. Ikawa maikrofoni ndiyo iliyomfuata nyumbani. Matangazo yakatoka nyumbani kwake, na sauti za nyumba yenyewe zikaingia hewani. Kipindi kilikuja kujulikana kama Kitchen-Klatter, kikawa na jarida lake, na watoto wake walipokua nao wakaingia kukisaidia.

Wanawake hawa walikuwa na nafasi ya pekee katika biashara. Mwenye kununua mbegu za bustani, viatu vya watoto na kahawa mara nyingi alikuwa mama wa nyumba. Field alifahamu hilo, na kampuni ilifaidika. Lakini kipindi kilikuwa na maisha yake. Mwanamke wa shambani Nebraska, ambaye jirani wa karibu alikuwa mbali na theluji imefunga barabara, alipata mtu wa kukaa naye mchana. Huduma hiyo ilikuwa ya kweli, na ililipwa na duka. Sioni njia ya kuvitenganisha hivyo viwili bila kuvunja ukweli wa kisa.

Jirani mwenye ukumbi wa kioo

Earl May, aliyezaliwa Nebraska mwaka 1888, alisomea sheria, akaoa katika familia ya wenye kitalu kikubwa cha miche cha Mount Arbor, na mwaka 1919 akaanzisha kampuni yake ya mbegu hapohapo Shenandoah. Alipoona kilichotokea upande wa Field hakungoja sana. KMA ilianza tarehe 12 Agosti 1925, na mwaka uliofuata wasomaji wa jarida la Radio Digest walimchagua May kuwa mtangazaji anayependwa kuliko wote, kwa kura zaidi ya 450,000. Muuza mbegu aliwashinda watangazaji wa New York na Chicago. Wakulima walikuwa wamepata njia ya kujihesabu, wakajihesabu.

Mwaka 1927 May alijenga ukumbi ulioitwa Mayfair, na katikati yake akaweka ukuta mkubwa wa kioo kati ya jukwaa na viti. Watu waliona wanamuziki kwa macho na kuwasikia kupitia spika, na kikohozi cha mtoto hakikuingia hewani. Maelfu kwa maelfu walikuja Shenandoah, hasa majira ya mavuno, kuona nyuso za sauti walizozizoea. Walikaa, wakatazama, kisha wakapita dukani. Field naye alikuwa na wageni wake. Mji ambao haukuwa na bahari wala milima ukawa mahali pa kwenda kutembea, kwa sababu tu watu walitaka kumwona mtu aliyewaambia lini wapande njegere.

Ushindani huo uliwanufaisha wasikilizaji kwa miaka kadhaa, maana hakuna upande uliothubutu kulegea. Wengine nao waliona. Kampuni ya Sears, nayo ya kuuza kwa posta, ilikwisha kufungua WLS huko Chicago, Aprili 1924, miezi miwili tu baada ya KFNF, na kampuni ya mbegu ya Gurney ilishika WNAX huko Yankton, South Dakota.

Washington yaingia

Mwaka 1926 mahakama iliamua, katika kesi ya kampuni ya redio ya Zenith, kwamba Wizara ya Biashara haikuwa na mamlaka ya kukikatalia kituo masafa wala saa. Vituo vikarukiana masafa, na usiku ule mtulivu ukajaa miluzi. Februari 1927 Bunge likapitisha Sheria ya Redio na kuunda Tume ya Redio ya Shirikisho, kwa kipimo kimoja kilichokuwa kipya: leseni itolewe kwa manufaa, urahisi au mahitaji ya umma.

Kipimo hicho kiliwabana wenye vituo wa aina ya Field kuliko wote. Kituo cha kampuni ya mbegu ni cha umma au cha kampuni? Novemba 1928 tume ilipopanga upya masafa yote, vituo vikubwa vya miji vilipewa nafasi safi, na KFNF ikalazimika kugawana masafa na saa na vituo vya vyuo vikuu viwili, cha South Dakota na cha Illinois. KMA nayo ilibanwa kwa namna hiyohiyo. Kwa msikilizaji maana yake ilikuwa kwamba rafiki yake ananyamaza saa fulani ili profesa azungumze, kisha anarudi.

Lakini leseni hazikufutwa, na hapa kulinganisha kunasaidia. Katika jimbo la Kansas, mji wa Milford, kulikuwa na KFKB ya John Brinkley, aliyepandikiza tezi za mbuzi kwa wanaume na kuwaagizia dawa kwa redio wagonjwa ambao hakuwahi kuwaona. Tume ilikataa kuhuisha leseni yake mwaka 1930 na mahakama ikakubaliana nayo mwaka uliofuata. Iowa kwenyewe, Muscatine, KTNT ya Norman Baker aliyedai kutibu saratani ilifungwa mwaka 1931. Nao walikuwa wafanyabiashara wenye vituo vyao, vijijini, wenye sauti za kirafiki na barua kwa magunia. Kwa umbo, kituo cha Field hakikuwa tofauti na vyao.

Tofauti ilikuwa kwenye bidhaa na namna inavyojibu. Mbegu ya Field ilizikwa Aprili, na kufikia Juni kila mteja alijua. Kama haikuota, barua ya lawama ilikuja, na mwaka wa pili hapakuwa na oda. Tairi lilipasuka au halikupasuka. Mgonjwa wa Brinkley hakuwa na shamba la kulinganishia, na aliyekufa hakuandika barua. Urafiki wa hewani ulikuwa mmoja, lakini kule kwa Field ulipimwa kila msimu na udongo, mbele ya macho ya mteja.

Sauti inapogombea kiti

Mwaka 1932, Field akiwa na miaka 60, aligombea Seneti ya Marekani kwa chama cha Republican. Katika kura za mchujo alimshinda seneta aliyekuwa madarakani, Smith Brookhart. Mtu ambaye wengi walimfahamu kwa sauti na katalogi alimwondoa mwanasiasa mzoefu. Novemba alishindwa na Louis Murphy wa Democratic, katika wimbi lilelile lililomwingiza Franklin Roosevelt.

Naona hatua hii kama mahali ambapo kisa kinageuka, ingawa haikuwa yenyewe iliyoangusha biashara. Kilichoiangusha ni Mdororo Mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930: mteja aliyekosa pesa ya kulipa rehani hakununua miche ya matunda wala plamu. Lakini ugombea unaonyesha jinsi kila kitu kilivyokuwa kimeunganishwa kwa mtu mmoja. Kampuni ilikuwa Henry, redio ilikuwa Henry, kampeni ilikuwa Henry. Katika miaka ya 1930 kampuni ilipozama kwenye madeni, alipoteza usimamizi wake, na kituo hakikuwa na mguu wa pili wa kusimamia. Mnara uliendelea kurusha matangazo, herufi zilibaki zilezile kwa miaka mingi, lakini sababu ya watu kuusikiliza ilikuwa imeondoka mikononi mwa wenye karatasi za umiliki.

Field alifariki Oktoba 1949. May alikuwa amefariki mapema zaidi, Desemba 1946, akiacha kampuni na kituo kwa familia yake. Mwaka 1949 familia hiyo ilifungua kituo cha televisheni huko Omaha, KMTV, na KMA ikaendelea hewani Shenandoah katika masafa ya kilohezi 960, ikitangaza bei za nafaka na habari za wilaya. Masafa ya kilohezi 920, yaliyokuwa ya KFNF, baadaye yakaja kutumiwa na kituo cha dini.

Na Leanna? Mwaka 1939 alikihamishia kipindi chake KMA, kwa mshindani wa kaka yake, ndani ya mji uleule. Hakuhitaji kuhama nyumba. Kiti cha magurudumu kilibaki pale kilipokuwa, na mapishi yaliendelea kusomwa kwa mwendo wa penseli. Kipindi kilidumu, mikononi mwa ukoo wake, hadi miaka ya 1980.